Mke Mwenza Mwenye Mgeni Mmoja

Mume wangu hana mke wa pili. Ana tovuti, na sijui lipi lingekuwa afadhali. Mke wa pili ningemwendea, tukavutana nywele, majirani wakatuamulia, tukamalizana. Tovuti utaivuta wapi?

Jina lake Télesphore. Anafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Mangobo, mtaa wa mji wetu wa Boyoma, na ndiye msimamizi wa darasa la sita, darasa la mwisho, wale ambao mwaka huu watafanya mtihani wa serikali. Mimi ni Euphrasie, mshonaji. Cherehani yangu iko barazani, na meza yake iko barazani hapo hapo, upande wa pili. Kwa hiyo kila alilolifanya na mke mwenza wangu alilifanya mbele ya macho yangu, mchana kweupe, bila haya.

Mambo yalianza mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Walimu walikuwa kwenye mkutano, naye akasimama akatangaza kwamba darasa lake litakuwa na tovuti yake. Masomo, ramani, maswali ya mitihani ya zamani na majibu yake, vyote ndani ya simu. Mtoto aliyelazwa na malaria atasoma akiwa kitandani. Préfet wao, yaani mkuu wa shule, ni Papa Alphonse, naye alifundisha jiografia miaka mingi na hakuamini kitu kisichotoka kwenye chaki. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Batoto habana hata na vitabu, we unabaletea mtandao?” Télesphore akamjibu kwamba watakuja. Jibu hilo nimesimuliwa mara nyingi, na kila nikisimuliwa linakuwa refu zaidi.

Kutunza tovuti, kwa asiyejua, ni kama kufuga kuku: hawatagi kila siku, lakini kila siku wanataka kula. Mume wangu huchora ramani kwa mkono, huipiga picha, kisha huipunguza uzito, tena na tena, mpaka iweze kufunguka hata kwenye simu iliyopasuka kioo. Huandika muhtasari wa somo. Huweka swali la wiki na kuondoa la wiki iliyopita. Umeme ukikatika, na huku kwetu umeme ni mgeni asiyependa kulala, hubeba kompyuta kwapani mpaka kwa jirani mwenye paneli ya jua, akakaa huko akisubiri kama mtu anayesubiri zamu ya kinyozi.

Na haya yote huyafanya akiwa amevaa shati la kazini na tai. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mwalimu haingii darasani kifua wazi. Basi ndivyo alivyokaa barazani jua likizama: juu ya meza tai na kola iliyopigwa pasi, na pasi niliipiga mimi, chini ya meza kaptura na kandambili. Kila ukurasa ulianza kwa “Bonjour la classe”, na alipouandika aliutamka kwa sauti. Binti yetu mdogo, Fanny, alimwitikia kutoka jikoni, “Bonjour Monsieur!” Mimi nilijiinamia kwenye sindano ili nisionekane ninavyocheka.

Shida ilikuwa chini ya ukurasa. Pale palikuwa na tarakimu ndogo iliyoonyesha wageni wa siku, na tarakimu hiyo ilikuwa moja. Leo mmoja, kesho mmoja. Siku ya jua mmoja, siku ya mvua mmoja. Darasa lina watoto zaidi ya arobaini, na tovuti ina mgeni mmoja tu, ambaye hakosi na wala haongezeki.

Mwanzoni alinilalamikia mimi. Hilo lilikuwa sawa, mke ni wa kulalamikiwa. Kosa lake ni kwamba alikwenda kulalamika pia kwenye chumba cha walimu, na Papa Alphonse akasikia. Tangu siku hiyo préfet akawa na salamu yake. Asubuhi, mbele ya watu, anamshika mkono na kumuuliza, “Monsieur Télesphore, mugeni yako aliamuka muzuri?”

Mimi nami sikukaa kimya, kwa nini nikae kimya? Nilimwambia wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu wako anakuja peke yake kila siku, hata kuku hatuwezi kumchinjia, tutamzoesha vibaya. Akanuna. Nikamwambia tena mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mwandikie basi aje alime mihogo nyuma ya nyumba. Akavua tai, akaenda kulala bila kula.

Siku moja nikasema ngoja niione sura ya huyu mwanamke. Nikachukua simu yangu, nikafungua tovuti. Upande wa pili wa baraza kiti kikaanguka.

“Babili!” akapiga kelele. “Maman Fanny, leo beko babili! Njo vile bitu binaanzaka!”

Kwake wageni wawili ndio walikuwa mwanzo wa mambo. Alikuwa amesimama, mikono hewani, kandambili moja imemtoka. Nilitamani kunyamaza. Lakini hesabu ile ingekuwa ya uongo, naye angejenga juu yake mpaka ghorofani.

“Kaa chini, Papa Fanny,” nikamwambia. “Ya pili ni mimi.”

Akaokota kiti. Aliketi akaangalia kile kioo, vidole vimetulia juu ya meza kama vitu vya mtu mwingine, na hapo ndipo hamu ya kumcheka ilinitoka. Nilimwonea huruma mpaka moyo ukauma. Mtu anapika kila siku, anapakua kila siku, na kwenye mkeka anakaa mmoja tu.

Na kuna jambo sikumwambia. Jioni ile ile niliendelea kusoma. Nilisoma somo la udongo, nikasoma somo la mvua, nikaelewa kwa nini mawingu ya hapa Boyoma hunyesha yanapotaka na si tunapoanika nguo. Yalikuwa masomo mazuri, yameandikwa kwa upole, kama mtu anayeongea na mtoto wake njiani. Lakini mume akisifiwa kabla ya chakula, chakula kinapoa.

Jioni chache baadaye akanitangazia uamuzi wake. Mtihani wa semesta ukipita, ataifunga.

“Mutu moya haiko classe,” akasema. “Préfet iko na haki. Nitarudia chaki.”

Wiki ngapi nilikuwa nimeomba mke mwenza huyo aondoke! Sasa aliposema anamfukuza, nikajikuta sitaki. Nikakanyaga cherehani kwa hasira, mshono ukaenda pembeni.

Kabla ya mtihani kuja, upepo ukaja. Ulibomoa paa la darasa la sita, mabati yakatua kwenye uwanja wa jirani, na kwa wiki nzima darasa likafungwa. Télesphore akapata nguvu ya mwisho. Akasema sasa ndipo tovuti itaonyesha kazi yake, na akaketi kuandika somo ambalo hakuwa amelitoa ubaoni: mito ya mkoa wetu wa Tshopo.

Jioni ile mimi nilikuwa na mambo yangu. Mpwa wangu Larissa alikuwa anaolewa Yangambi, na kwetu ni Yangambi, kwa hiyo arusi ilikuwa begani kwangu. Nikawa namweleza mume wangu. Boti ya Yangambi inaondoka lini. Pagne ya familia, yaani kitenge cha sare, ni ipi. Je, watu wa Yangambi watatupa magodoro au tubebe yetu. Na yule shangazi wa Yangambi aliyegombana na yule mwingine wa Yangambi, watakaa meza moja? Yeye akawa anajibu mm, mm, huku anaandika. Mke yeyote anaijua ile mm. Nikadhani hasikii hata neno moja.

Mabati yakarudishwa, masomo yakaendelea, mtihani ukafika. Maswali ya jiografia mwaka huu aliyatunga Papa Alphonse mwenyewe, na akasahihisha mwenyewe, ili aone, alisema, mtandao umewafundisha nini watoto.

Jumamosi alasiri akatokea kwetu juu ya toleka, baiskeli ya abiria. Yule kijana wa baiskeli alikuwa anahema, maana préfet wetu si mtu mwepesi, na juu ya mapaja yake alikuwa amepakata mfuko wa karatasi za mtihani. Nikamkaribisha. Nilikuwa nimeponda lituma, ndizi zimeiva vizuri, samaki yuko pembeni na pilipili yake. Akasema asante, hatakula. Hapo nikajua kuna msiba. Papa Alphonse hajawahi kukataa lituma yangu tangu nimjue.

“Monsieur Télesphore,” akaanza, “mi sikuje kwa kuongea mingi. Classe yako ilifanya fraude. Classe nzima.”

Fraude, yaani udanganyifu wa mtihani! Mume wangu akacheka kidogo, akingoja utani umalizike. Haukumalizika. Préfet akatoa karatasi, akaziweka mezani moja moja.

“Niliuliza: Lomami inaingia kwa muto Congo fasi gani? Angalia. Yangambi. Angalia ingine. Yangambi. Huyu, Yangambi. Huyu, Yangambi. Bote! Hata moya hakuandika Isangi!”

“Haiwezekane,” akasema Télesphore. “Hata Fanny anajua ni Isangi.”

“Voilà! Mutu moya akikosa, ni bujinga. Bote bakikosa sawasawa, ile ni fraude. Ile lesson hukuitoa kwa tableau, juu paa ilianguka. Donc habakuikopya kwa daftari, kwa cahier. Balitoa wapi ile Yangambi? Mutu alibapatia jibu ya mbaya, na mi namujua.”

Akasogeza kiti. Akasema siku moja kabla ya mtihani alipita soko kuu, mbele ya duka la pagne la Mohamadi. Mohamadi ana mpwa wake katika darasa la sita, msichana anayeitwa Nasra, ambaye ndiye kiongozi wa darasa.

“Niliona na macho yangu. Classe nzima iko pale kwa magasin ya tonton yake. Bichwa bote juu ya téléphone ya Nasra. Mi nilisema bon, ni batoto, banaangalia muziki. Kumbe ni majibu njo balikuwa nakopya! Lundi, kwa drapeau, nitamufukuza mbele ya bote. Na jina yake haitaenda kwa Examen d’État.”

Jumatatu, mbele ya bendera! Nikaacha kushona. Nasra namjua, sketi zake za shule nazishona mimi. Ni msichana anayesalimia mpaka na paka. Akifukuzwa sasa, mtihani wa serikali umempita, mwaka wake wote umekwenda na maji, na jina la mwizi litamfuata mpaka sokoni kwa huyo tonton, mjomba wake.

“Monsieur le préfet,” akasema mume wangu, na sauti ilikuwa imeanza kumpungua, “labda balisoma kwa site, bakaelewa vibaya.”

“Site?” Papa Alphonse akapiga goti kwa kiganja. “Si we mwenyewe ulitulilia kwamba mugeni iko moya? Mutu moya anasoma, na batu makumi ine banakosa? Ile ni site ao ni kindoki, ni buchawi?”

Malalamiko ya Télesphore mwenyewe yalikuwa yamemfunga kamba, na kamba aliisokota yeye, asubuhi baada ya asubuhi, kwenye chumba cha walimu.

Mlango wa ua ukagongwa. Waliingia Nasra na mwenzake Sefu. Darasa liliwatuma, maana habari ya fraude ilikuwa imeshazunguka Mangobo yote kabla ya préfet kushuka kwenye baiskeli. Walipomwona wakasimama palepale. Nasra macho yalikuwa mekundu. Sefu ni kijana mrefu, wa Isangi, hapa mjini amepanga kwa shangazi yake.

“Ah, bien,” akasema préfet. “Sefu, we ni wa Isangi. Mama yako anaishi kule?”

“Ndiyo, Monsieur le préfet.”

“Nyumba iko fasi gani?”

“Kando ya maji.”

“Maji gani?”

Sefu akaangalia chini. “Pale Lomami inaingia kwa Congo. Mama anasukula masahani palepale.”

“Mama anasukula masahani palepale. Na we uliandika nini?”

“Yangambi.”

Mama anaoshea vyombo ndani ya jibu lenyewe! Mungu anisamehe, nilikamata kipande cha kitambaa nikajiziba mdomo. Papa Alphonse aliinua mikono juu, akaiacha ianguke.

“Juu ya nini, mutoto?”

“Site ilisema Yangambi,” akajibu Sefu kwa heshima kabisa. “Mi najua ni Isangi, nilizaliwa pale. Lakini Monsieur alisoma mingi kupita mimi. Nilisema, labda bale ba chercheurs ba kituo ya utafiti ya Yangambi balipima mupya, bakaona sisi ba Isangi tulikuwa najidanganya.”

“Site yangu haiwezi kusema vile!” Télesphore akasimama. “Jamais! Mi mwenyewe niliandika ile lesson!”

Sikutaka, lakini simu ilikuwa kando ya cherehani na tovuti naijua. Nikafungua, nikasoma kwa sauti: Mto Lomami unatoka kusini, unapita Opala, na unaingia katika mto Congo kule Yangambi.

Mume wangu akainyakua simu. Akasoma. Akasoma tena, midomo ikitembea. Kisha akainua macho taratibu, akaniangalia, nami nikayaona yote yakipita usoni mwake: boti ya Yangambi, pagne, magodoro ya Yangambi, shangazi wawili wa Yangambi. Nikarudi haraka kwenye sindano yangu.

“Lakini mugeni iko moya,” préfet akasema, sasa kwa sauti ya mtu aliyepotea njia. “Juu ya nini moya?”

Nasra akajifuta macho kwa ukingo wa shela yake. “Monsieur le préfet, sisi tuko na likelemba.”

“Likelemba ya nini?”

“Ya megas za mtandao. Kila siku mutu moya ni tour yake, yeye njo ananunua megas. Anaziweka kwa téléphone yangu, juu iko na mémoire kubwa. Mi nafungua site mara moya tu, napiga picha ya kila page, halafu narushia bengine, simu kwa simu, bila megas. Bale habana na téléphone banakopya kwa cahier. Njo ile uliona kwa tonton. Ile ya mito njo tulikuwa narudilia.”

“Tangu lini?” akauliza Télesphore. Hakuwa akimwangalia préfet tena.

“Tangu siku ya kwanza, Monsieur. Na batoto ba Lubunga, kule ng’ambo, tunabatumiaka pia. Banatuomba kila jioni.”

“Donc ile mugeni...”

“Mugeni ni mimi, Monsieur,” akasema Nasra. “Lakini siko peke yangu.”

Likelemba! Mimi niko kwenye likelemba ya washonaji tangu kabla ya Fanny kuzaliwa. Kila mmoja anatoa kidogo, anakula mmoja, kesho mwingine, na ndivyo nilivyoipata cherehani hii ninayoikanyaga. Kidole kimoja hakivunji chawa, mtoto wa Boyoma huzaliwa akijua hivyo. Na sisi watu wazima watatu tulikaa miezi tukiangalia tarakimu moja, na hakuna aliyekumbuka kwamba hapa kwetu watu hawanunui kitu kila mmoja peke yake. Tunanunua kimoja, tunakula wote.

Mume wangu alikuwa amelegeza tai. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na hakuyaficha.

Papa Alphonse akakohoa. Alikuwa bado ni préfet. “Bon. Kama haiko fraude, basi kosa ni ya nani? Shule nzima inaongea. Mi lundi nitasema nini?”

Hapa lazima nieleze kitu. Mume wangu ni mtu mzuri, hapigi, halewi, lakini katika ndoa yetu yote sijawahi kumsikia akisema amekosea. Maharagwe yakiungua mkononi mwake, moto ndio ulikuwa mkali. Aliwahi kutupeleka kwenye arusi kule Kabondo, tukala, tukacheza, tukatoa zawadi, mpaka bibi arusi alipofunuliwa uso tukaona hatumjui. Mpaka leo Télesphore anashikilia kwamba hatukupotea. Arusi ndiyo ilihama.

Kwa hiyo alipovuta pumzi, nilijua kitakachotoka.

“Kuliingia kosa...” akaanza.

“Iliingia yenyewe?” akauliza préfet. “Ilikuja na mutumbwi?”

Télesphore akamwangalia Nasra, aliyekuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu anayengojea kuitwa. Akamwangalia Sefu, aliyeukana mto wa mama yake kwa sababu mwalimu alisema.

“Ni mimi,” akasema. “Mimi njo nilikosa. Batoto habana na kosa.”

“Utasema vile lundi? Kwa drapeau? Mbele ya shule nzima?”

“Nitasema.”

Papa Alphonse akakusanya karatasi zake, akazirudisha mfukoni, akafunga mfuko vizuri. Kisha akageuka upande wangu. “Maman Euphrasie,” akasema, “ile lituma ingali ya moto?”

Jumatatu nilikuwa na sketi za kupeleka shuleni. Zingeweza kungoja Jumatano, lakini hilo halimhusu mtu. Nilisimama karibu na ukuta. Bendera ikapanda, wimbo ukaimbwa, na mume wangu akasogea mbele na tai yake. Safari hii chini alivaa suruali.

“Kwa site ya classe, niliandika Lomami inaingia kwa Congo kule Yangambi,” akasema. “Ni bongo, haiko kweli. Inaingia Isangi. Nilikosa, mimi Télesphore. Classe yangu haikuiba kitu. Balikosa juu balinisoma.” Hapo akawaangalia, na sauti ikapanda yenyewe. “Balinisoma bote!”

Sijawahi kuona mtu akitubu huku akiringa. Ungedhani amepewa nishani. Darasa la sita wakapiga kelele na makofi, madarasa mengine wakapiga makofi bila kujua ni ya nini, na Nasra akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Papa Alphonse akatuliza watu, akatangaza kwamba fraude haikuwepo, lakini swali lile wote watapata sifuri, maana Lomami haihami kwa sababu ya mtandao. Sefu akaongezewa kazi ya kuchora ramani ya kwao, na mama yake aonekane akisukula masahani.

Mchana, njiani tukirudi, Télesphore alitembea nami mpaka tulipofika kwenye kona ya wauza mikate.

“We njo ulileta ile Yangambi, Maman Fanny,” akasema.

“Mi nilisema kwa mudomo. Vidole vilikuwa vya nani?”

Akaangalia vidole vyake. “Vyangu,” akasema.

Mara tatu ndani ya siku tatu! Nilishika nguzo ya ua wa watu nisianguke. Nikaona leo mlango uko wazi, nikamuuliza na ile arusi ya Kabondo. Akasema tusizidishe.

Wiki iliyofuata boti ya Isangi ilileta kikapu cha samaki wa kukaushwa, kimeandikwa jina la mume wangu kwa makaa. Kilitoka kwa mama yake Sefu, na aliyekileta alikuwa na ujumbe aliokariri njia nzima: Mwambieni Monsieur, leo asubuhi niliangalia, Lomami ingali hapa. Télesphore alicheka mpaka akakaa chini. Siku hizi ukurasa wowote wenye jina la mto unapita kwanza kwa Sefu.

Jioni ya kikapu kile Télesphore alivaa shati, akafunga tai, akaketi. Nilikuwa nimepika wale samaki wa Isangi, na harufu ilikuwa imejaa baraza. “Bonjour la classe,” akasema huku akiandika, na Fanny akaitikia jikoni. Akaweka masahihisho ya mito, akaweka ramani mpya, kubwa kidogo, Isangi imezungushiwa duara jekundu. Habari ya kuifunga haikutajwa, na mimi sikuikumbusha. Tukangoja. Baada ya muda, wakati ambao duka la Mohamadi huwa linafungwa, akainama kuangalia chini ya ukurasa.

“Bangapi?” nikamuuliza.

“Moya,” akasema, akageuza kompyuta ili nami nione. Kweli, palikuwa na moja, ile ile ndogo ya kila siku. Akaegemea kiti, akavua tai polepole, akaikunja.

“Bon,” akasema. “Bote balishafika. Leta chakula.”